Mjomba kawekewa betri ya ubongo baada ya miaka 6 ya Parkinson, mama ana miaka 12 na hajawahi hata kuulizwa. Naombeni ushauri

Kifungua_Mimba

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na rika langu habari za jioni. Maelezo ni marefu kidogo, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 63. Aligundulika na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, akiwa na 51. Mdogo wake wa kiume, yaani mjomba, naye anao ugonjwa huohuo ingawa ulimpata baadaye (ndugu wawili wa tumbo moja, daktari alisema hutokea japo si kawaida). Mjomba alipofikisha miaka 6 ya kuugua alipelekwa kupimwa kwa ajili ya ule upasuaji wa kupitisha nyaya kwenye ubongo na kuweka betri kifuani, wenyewe wanauita DBS. Miezi michache baadaye akawekewa. Sasa ana mwaka na nusu nayo. Anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Ule mkono wake wa kulia uliokuwa unagonga meza kama mtu anabisha hodi umetulia.

Mama ana miaka 12. Anameza dawa mara 7 kwa siku. Kila dozi inamshika kama saa mbili hivi, halafu anaanza kuganda: miguu inagoma mlangoni, uso unakuwa kama wa sanamu. Dawa ikipanda nayo ni shida nyingine, mwili unajinyonganyonga, bega na kichwa vinacheza vyenyewe, mpaka anakwepa wageni. Kliniki ni ileile anayokwenda mjomba, na daktari ni yuleyule. Hajatajiwa DBS hata siku moja.

Mama huwa anakwenda kliniki peke yake. Mwezi uliopita nilimsindikiza kwa mara ya kwanza, nikajionea. Kwanza, tukiwa kwenye foleni alimeza dozi kabla ya wakati wake ili zamu ikifika aingie akiwa mzima. Tukaingia, anatembea vizuri tu. Daktari: "Mama, unaendeleaje?" Mama: "Sijambo daktari, namshukuru Mungu." "Dawa zinasaidia?" "Zinasaidia." Nikamtazama mkono wa kushoto, ndio unaosumbua. Ameukalia. Wakuu, mama yangu alikuwa ameukalia mkono wake! Dakika nane tukawa nje, na cheti cha dawa zilezile.

Nikamuuliza kwenye korido kwa nini hakusema. Akanijibu, "Daktari ana watu wengi, nimpigie kelele za nini." Nilipogusia upasuaji akasema, "Mjomba wako ana mke. Mimi nikilazwa nani atamwangalia baba yenu?" Baba ana kisukari na macho yamepungua sana.

Sasa naomba mnisaidie. Je, ni kweli wanawake wanaachwa nyuma kwenye matibabu haya au ni hasira zangu tu? Miaka 63 na ugonjwa wa miaka 12, muda umeshapita? Na naanzaje kwa daktari bila ugomvi, na kwa mama bila kumburuza? Nawasilisha.

Msomaji_Kimya

Hapo pa kuukalia mkono nimeshindwa kuendelea kusoma, nimerudi baadaye. Mama yangu mdogo alikuwa anaufunika na mkoba. Nafuatilia uzi.

Bwana_Hesabu

Pole sana dada. Ila tusikimbilie kusema ubaguzi. Parkinson inawapata wanaume zaidi, kama mara moja na nusu ya wanawake. Wakiwa wengi wodini lazima watakuwa wengi na kwenye chumba cha upasuaji. Hapo hakuna njama. Na huyo daktari wenu huenda ana sababu za kitabibu ambazo wewe huzijui. Upasuaji huu wana vigezo vyake.

Kitabu_Wazi

Bwana_Hesabu, hesabu yako ni nzuri ila umeiachia njiani, twende nayo mpaka mwisho. Mara moja na nusu maana yake wanaume 3 kwa wanawake 2. Basi katika kila watu 100 wanaowekewa DBS tungetegemea kuona wanawake kama 40. Vituo vinavyochapisha takwimu zao mara nyingi vinataja theluthi, na vingine pungufu. Hao waliobaki wako wapi?

Usiseme ni pesa peke yake. Marekani walipitia kumbukumbu za wazee wenye bima ya serikali, Medicare, matokeo yakatoka 2014. Wagonjwa wote hao wana bima, na bado wanawake walifanyiwa kwa uchache kuliko wanaume. Wagonjwa weusi ndio kabisa.

Sasa sikiliza kinachoniuma zaidi. Vigezo ulivyovitaja, kimojawapo kikubwa ni huko kujinyonganyonga kunakoletwa na dawa. Wanawake wengi wana mwili mwepesi, levodopa (dawa kuu ya Parkinson) ileile inakuwa nyingi zaidi kwenye damu yao, na ndio wanaopata zaidi tatizo hilo. Yaani sababu ya kuwapeleka wanayo tena kwa wingi, ila hawafiki. Na tafiti kadhaa zimekuta kwamba mwanamke anayefika, anafika akiwa ameugua muda mrefu zaidi. Akishawekewa, kutetemeka na kuganda kunapungua sawasawa na kwa mwanamume. Kifaa hakijui jinsia ya mtu.

Kwa faida ya wengine: mwaka 1817 daktari James Parkinson alipoandika kijitabu chake kuhusu ugonjwa huu alieleza wagonjwa 6. Wote wanaume. Simlaumu, baadhi yao aliwaona tu barabarani. Lakini ile picha ya mzee wa kiume aliyeinama imeganda vichwani mwa watu, na madaktari ni watu.

Kuhusu mjomba kuwekewa "mapema", hakuwahi sana. Kuna utafiti mkubwa wa Ujerumani na Ufaransa wa mwaka 2013, wagonjwa 251, wastani wa ugonjwa miaka 7 na nusu. Waliowekewa DBS ubora wa maisha yao ulipanda kwa asilimia 26, waliobaki na dawa peke yake haukupanda. Anayeshangaza kwenye familia yenu ni mama.

Bwana_Hesabu

Sawa, hiyo ya 40 sikuifikisha huko. Nakubali. Ila bado nasema mama mwenyewe alijibu "sijambo". Daktari si mganga wa ramli.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu Kifungua_Mimba, pole na hongera kwa kumsindikiza. Nilikaa kliniki ya mishipa ya fahamu miaka mingi kabla sijastaafu, ngoja nikuambie nilichokiona.

Mgonjwa mwanamume akiingia, nyuma yake kuna mke ana daftari. Daktari akiuliza "unaendeleaje mzee", mzee atasema "safi kabisa", halafu mke atakohoa. Daktari atageuka, "Mama, ulitaka kusema kitu?" Hapo ndipo yanatoka yote: usiku hageuki kitandani, juzi kaanguka bafuni, shati anavalishwa. Kikohozi kile ndicho kinachoandika rufaa. Mama yako hana wa kumkoholea.

Na hiyo ya kumeza dawa kabla ya kuingia, wanawake walikuwa wanaifanya sana. Wanajipanga kama wanaokwenda harusini. Daktari anamwona mgonjwa kwa dakika chache ambazo yeye mwenyewe amezichagua zilizo nzuri kuliko zote za siku ile. Bwana_Hesabu yuko sahihi, daktari hapigi ramli. Ila na yeye ana kosa: "unaendeleaje" si swali la kitabibu, ni salamu. Mtu aliyelelewa vizuri akisalimiwa anajibu sijambo. Swali la kitabibu ni "jana dawa iliisha nguvu mara ngapi, na kila mara ulikaa muda gani?"

Sasa fanya hivi. Tafuta daftari. Kwa siku 3 au 4, kila baada ya nusu saa mama aandike yuko vipi: amefunguka, ameganda, au anajinyonganyonga. Asieleze mengi, neno moja linatosha. Kuna kipimo chepesi wataalamu wanakitumia, wanakiita 5-2-1: dozi 5 au zaidi za levodopa kwa siku, jumla ya saa 2 au zaidi za kuganda, au saa 1 au zaidi ya kujinyonganyonga kunakosumbua. Ukifikia hapo wakati umefika wa kuzungumzia matibabu ya hatua ya juu, DBS ikiwemo. Mama yako ana dozi 7, huyo ameshauvuka mlango wa kwanza hata kabla ya daftari.

Mpige na video za simu, mbili zinatosha, moja akiwa ameganda na moja akijinyonganyonga. Muombe ruhusa kwanza, usimvizie.

Mkifika kwa daktari msiseme "tunataka upasuaji". Semeni "tunaomba apimwe kama anafaa". Ni maneno mawili tofauti kabisa. La kwanza daktari atajitetea, la pili lazima alijibu. Akisema hafai, muulize kwa upole ni kigezo gani amekikosa, na aandike kwenye faili. Kuandika kunasaidia sana, wewe acha tu.

Upimaji wenyewe usimtishe. Dawa zinasimamishwa kuanzia usiku, asubuhi anapimwa akiwa hana dawa: kutembea, kugonganisha vidole, kuinuka kwenye kiti. Halafu anapewa dozi anapimwa tena. Kwa kawaida wanataka kuona unafuu wa asilimia 30 au zaidi. Kisichosikia dawa, kama kuyumba na kuanguka ovyo, na DBS hakitakisikia. Kutetemeka peke yake ndiko kunakoweza kutulizwa na kifaa hata pale dawa iliposhindwa. Watapima kumbukumbu, watauliza kuhusu huzuni, watapiga picha ya MRI. Miaka 63 si kikwazo. Ninachokiogopa zaidi ni akili kuanza kusahau sana, na hilo wewe hujalitaja.

Na sitakuficha hatari. Kuvuja damu kwenye ubongo hutokea kwa mtu 1 au 2 kati ya 100, na wengine hupata maambukizi kwenye nyaya au betri mpaka vitolewe. Wala haiponyi ugonjwa, unaendelea chini kwa chini. Mama ayajue haya kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Subira_Njema

Mimi naona mnamchanganya binti wa watu. Mama wa miaka 63 umtoboe fuvu la kichwa kisa mkono unatetemeka? Subira yavuta heri. Dawa anazo, anatembea, mwacheni apumzike.

Kifungua_Mimba

Subira_Njema, miaka 12 ni subira ya kutosha ndugu yangu. Na hapumziki. Kuanzia saa 10 alfajiri yuko macho anaingoja dozi ya kwanza imfungue miguu.

Nesi_Mstaafu, shikamoo mama. Hicho kikohozi nimekicheka, halafu nikakumbuka mkaza mjomba. Huyo hakohoi, anaongea mwanzo mwisho mjomba akiwa amenyamaza pembeni. Ndivyo ilivyokuwa kumbe.

Nyaya_Kichwani

Mimi ni mwanamke, nina 59, niliwekewa nikiwa na 56. Kabla ya hapo nilikataa mara mbili. Kwa hiyo sisemi kwamba sikuambiwa, niliambiwa, ila ngoja niseme niliambiwaje. Mara ya kwanza daktari alisema, "Kuna upasuaji, lakini wewe bado unajiweza." Nikashika hilo la kujiweza, nikafurahi kabisa, nikarudi nyumbani kujiweza. Nilikuwa nakunja nguo kwa meno. Mara ya pili waliniuliza mbele ya mume wangu, akajibu yeye: "Tutalifikiria."

Nilichokuwa naogopa hasa kilikuwa kipi? Nilikuwa nasema kifo. Ukweli ni nywele, na aibu ya kuhangaisha watu. Nadhani wanaume hawaulizwi hayo kwa sababu hawana la kuulizwa.

Upasuaji wangu nilikuwa macho sehemu kubwa. Siku hizi vituo vingi wanamlaza mtu usingizi mzito mwanzo hadi mwisho kwa kutumia picha, muulizeni. Mimi walinifunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne, ganzi inachoma kuliko skrubu zenyewe. Wakawa wananiambia nifungue na kufunga kiganja, nitaje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Nilikuwa nimefika Agosti mkono wa kulia ukanyamaza. Ulinyamaza kama mtu aliyezima redio. Nikalia, na kwa kuwa kichwa hakigeuki nesi ndiye aliyenifuta machozi.

Mambo ambayo hakuna aliyeniambia, mwambie mama: betri inakaa chini ya mtulinga, na mkanda wa sidiria unapita palepale. Bahati nzuri mgonjwa mwenzangu alinitonya. Nilikwenda siku ya vipimo nimevaa sidiria yangu ya kila siku, nikamwomba daktari aangalie mkanda unapopita. Akachora kwa kalamu, akaisogeza pembeni kidogo. Ni dakika moja ya kazi, ila asingeifanya bila kuambiwa. Mkanda wa gari nao ni hivyohivyo. Mwili mwembamba pia waya wa shingoni unausikia ukivuta miezi ya mwanzo, baadaye unasahau.

Betri ziko za aina mbili. Isiyochajiwa inakaa kama miaka 3 hadi 5 kisha inabadilishwa kwa upasuaji mdogo. Ya kuchaji inakwenda 15 na zaidi, ila inataka mtu atakayekumbuka kuichaji, na mkono wa kuishika chaja. Mama aseme wazi kama anaishi na mtu wa kumsaidia hilo au la.

Yasiyopona: sauti. Yangu imekuwa ndogo, kwenye simu watu wanasema "halo, halo" mpaka nakata. Dawa sikuacha, nimepunguza karibu nusu. Na usitegemee siku ya kwanza. Wanawasha baada ya wiki kadhaa, halafu unakwenda unarudi miezi mitatu, minne, wakirekebisha kiwango cha umeme. Huo muda wa kwenda na kurudi ndio unaowashinda kinamama wengi. Operesheni ni siku moja tu.

Najutia ile miaka minne ya katikati.

Kitabu_Wazi

Asante sana Nyaya_Kichwani. Hiyo ya "bado unajiweza" ibandikwe ukutani kila kliniki.

Nyongeza fupi. Kuna watafiti wa Umeå, Uswidi, mwaka 2014 waliwahoji wagonjwa wake kwa waume jinsi walivyoufikia uamuzi wa DBS. Wakakuta njia tatu: walioanza wenyewe kuidai, waliokubali walipopewa, na waliosita wakangoja. Kifungua_Mimba, wapange mama na mjomba hapo uone wanaangukia wapi. Halafu jiulize mfumo wa rufaa umejengwa kumsubiri yupi kati yao.

Na utafiti mwingine wa 2018 ulikuta wanawake wenye Parkinson wana nafasi ndogo kuliko wanaume ya kuwa na mtu wa nyumbani wa kuwahudumia, na zaidi yao hulazimika kumlipa mtu. Kwa hiyo mama akisema "nani atamwangalia baba yenu" msimwone mwoga. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Shingo_Upande

Jina langu si utani, nina distonia ya shingo, yaani misuli inajikaza yenyewe na kuipinda shingo. Kwetu sisi hali ni hiyohiyo, tena sisi wanawake ndio tulio wengi kwenye ugonjwa huu. Nilizunguka miaka 7 naambiwa ni msongo wa mawazo, mara kukoma hedhi (nilikuwa na 38!), mara nipumzike. Mmoja aliniambia shingo itanyooka nikipatana na mume wangu. Tulikuwa hatujagombana. Mwanamume akiingia na shingo imepinda wanaanza na shingo, mwanamke wanaanza na moyo.

Nachoma sindano za kulegeza misuli kila miezi mitatu, zinanisaidia, DBS sijafika huko. Ila nakusisitizia: akianza kuambiwa "wasiwasi umezidi mama", usiondoke. Uliza wasiwasi huo umepimwa kwa kipimo gani.

Mume_wa_Mtu

Mimi ndiye yule anayesema "tutalifikiria", kwa hiyo niruhusuni nijitetee na kujikosoa kwa pamoja.

Mke wangu alipotajiwa DBS niliona naombwa kusaini asirudi. Sikuuliza swali hata moja. Kumbe nilichokuwa nalinda si yeye, ni ratiba ya nyumba. Yeye ndiye anayejua dawa za mama yangu, ada, nani kala nani hajala. Nilipokaa chini kuandika kazi zake za wiki moja ili nione nani atazishika akiwa hospitali, karatasi ilijaa mbele na nyuma. Nilinyamaza siku nzima.

Ushauri wangu: usianze na mama, anza na kaka na dada zako. Gaweni kabisa nani anakaa na mzee wiki ya upasuaji, nani anampeleka mama kurekebishiwa mashine miezi ile inayofuata. Majina na tarehe. Halafu mpelekeeni mama karatasi. Sisi tulipofanya hivyo mke wangu alisema "kumbe" mara tatu, kisha akauliza siku ya vipimo ni lini. Alipimwa, akaonekana hafai kwa sasa kwa sababu ya mapigo ya moyo, wanaangalia. Lakini amekataliwa na kipimo, siyo na mimi.

Kifungua_Mimba

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mume_wa_Mtu, asante kwa kusema ukweli ambao wengi wangeuzunguka.

Jana tulikutana watoto wote wanne. Mdogo wangu wa kiume amejitolea kukaa na baba, jambo ambalo sikulitegemea, maana hajawahi kupika hata chai ya nyumba ile. Mimi nitashika kliniki. Mama tumempelekea karatasi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ameuliza swali moja tu, ameniambia niwaulize "hao wenzako wa kwenye simu": nywele zinanyolewa zote?

Nyaya_Kichwani

Mwambie inategemea kituo, aulize mapema. Wapo wanaonyoa kichwa kizima, wapo wanaonyoa mkanda mwembamba pale wanapokata na kuziacha nyingine. Mimi waliacha za nyuma, nikawa nafunga kitambaa, miezi minne hakuna aliyejua. Na nyuma ya sikio waya unapopita, asije akaruhusu mtu amsuke kwa kuvuta.

Jingine la muhimu, asisahau baadaye: akienda tiba ya viungo aseme ana kifaa, ile mashine ya kupasha misuli joto kwa mawimbi hairuhusiwi kabisa kwetu. Na MRI si kila mashine, lazima waangalie aina ya kifaa kwanza.

Nesi_Mstaafu

Na siku ya kliniki, mwanangu, dozi ameze kwa wakati wake, asiwahishe. Aingie alivyo. Wewe ukae nyuma yake, ukikumbuka ukohoe.

Kifungua_Mimba

Siku 9 zimepita, naleta mrejesho. Kliniki ni wiki ijayo, bado hatujaonana na daktari, lakini daftari tunalo. Siku 4 kamili.

Mama alikuwa mwalimu, mwandiko wake watu walikuwa wanauiga. Nimefungua ukurasa wa kwanza. Saa 2 asubuhi ameandika "nimefunguka", herufi zimesimama kwenye mstari kama zamani. Saa 3 na nusu "nimefunguka", ila limeanza kupungua. Saa 4 kamili neno "nimeganda" ni dogo kama sisimizi na linaporomoka kutoka kwenye mstari. Saa 4 na nusu kuna alama tu, nadhani ni N. Saa 5 dawa imeshika, mwandiko wa mwalimu umerudi. Ni hivyo ukurasa baada ya ukurasa, siku zote nne.

Jana usiku nimemkuta mezani na daftari jipya. Anaona haya kumpelekea daktari kitu kichafu, alikuwa anayanakili yote upya kwa hati nzuri, wakati ule dawa imemkaa vizuri. Nimemnyang'anya kalamu.

Daftari la kwanza liko kwenye mkoba wangu.